Robert Wangila: Dhahabu ya Seoul na Raundi ya Tisa

Wiki hii maisha tunayoyapitia si ya mhubiri, ni ya bondia. Wale wa umri wangu mnamkumbuka Robert Napunyi Wangila. Ninyi vijana mnaopita Kasarani kila asubuhi mkienda town pengine hata jina hamlijui.

Alizaliwa mwaka 1967. Kwenye Olimpiki ya Seoul, 1988, Kenya ilirudi na dhahabu tano. Nne zilikuwa za wakimbiaji, kazi tuliyoizoea. Ya tano ilikuwa ya ngumi, na hapo watu walishangaa. Wangila, kijana wa miaka 21, uzani wa welta, alikutana fainali na Mfaransa Laurent Boudouani. Raundi ya pili haikuisha, Mfaransa alikuwa chini. Mpaka leo hakuna bondia mwingine wa Kenya aliyeleta dhahabu ya Olimpiki.

Lakini medali hailipi rent. Akaenda Marekani, Las Vegas, kutafuta pesa kwenye ngumi za kulipwa.

Hebu tuelewe tofauti. Olimpiki za wakati ule bondia alivaa kofia ya kinga, na pambano lilikuwa raundi tatu tu. Ngumi za kulipwa hakuna kofia, glavu ni nyepesi, na raundi zinaweza kufika kumi au kumi na mbili. Mtu mwenye mkono mzito kama Wangila amezoea kumaliza kazi mapema. Sasa anajikuta raundi ya saba, amechoka, na mwenzake bado amesimama.

Ndiyo maana safari yake ilikuwa ya kupanda na kushuka. Alipigana mara 27, akashinda 22, na 16 kati ya hizo kwa nokauti. Ukiambiwa hivyo unasema jamaa alikuwa moto, na kweli alikuwa. Lakini zile tano alizopoteza zilimrudisha nyuma kila alipokaribia juu. Moja alipigwa na Buck Smith wa Oklahoma, mtu wa kuzunguka kumbi ndogo ndogo akipigana karibu kila wiki. Mkanda wa dunia Wangila hakuupata. Boudouani, yule aliyelala chini Seoul, aliupata wa WBA mwaka 1996.

Wangila hakufika mwaka huo.

Ijumaa tarehe 22 Julai 1994, Las Vegas, alipanda ulingoni na David Gonzalez. Kufikia raundi ya tisa alikuwa anapokea ngumi nyingi kuliko alizorudisha. Refa akaingia katikati, akasimamisha pambano. Wangila alikuwa bado amesimama kwa miguu yake, na alikasirika sana. Aliona ameonewa, ana nguvu za kuendelea. Alilalamika pale pale ulingoni, na ukimtazama ungedhani ana haki. Mimi mwenyewe, ningekuwa kwenye kona yake, ningelalamika naye.

Akatembea mwenyewe hadi chumba cha kubadilisha nguo. Huko ndiko alikozimia. Kumbe wakati anagombana na refa damu ilikuwa imeshavuja ndani ya kichwa. Madaktari walimfanyia upasuaji wa ubongo, lakini hakuamka tena. Alikufa Jumapili, tarehe 24 Julai, akiwa na miaka 26, na akaletwa nyumbani Nairobi kwa jeneza.