Jon Postel: Mhandisi aliyegawa namba za intaneti kwa daftari, hadi zikafika Kongo

Simu inayowashwa asubuhi Kadutu au Ibanda, mjini Bukavu, hupewa namba na mtandao kabla mwenyewe hajasoma ujumbe wa kwanza. Si namba ya kupigiwa, bali anwani ya intaneti, na katika mitandao mingi ya simu namba hiyo huanza na 10. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, anwani zote zilizoanza na 10 zilikuwa za ARPANET, mtandao wa Wizara ya Ulinzi ya Marekani uliozaa intaneti. Aliyetunza orodha iliyoonyesha hivyo alikuwa mtu mmoja mwenye ndevu ndefu na kandambili miguuni, Jon Postel.

Kwa karibu miaka 30, mtu huyo ndiye aliyeamua nani apewe namba gani. Hakuwa waziri wala tajiri, na hakuna sheria ya nchi yoyote iliyomtaja kwa jina.

Jonathan Bruce Postel alizaliwa Agosti 6, 1943 huko Altadena, California, akakulia katika bonde la San Fernando, pembezoni mwa Los Angeles. Sekondari alisoma Van Nuys, shule ileile waliyosoma Vint Cerf na Steve Crocker, ambao baadaye walikuja kuwa wenzake wa karibu katika kazi ya mtandao. Chuo Kikuu cha California cha Los Angeles, UCLA, kilimpa shahada ya kwanza mwaka 1966, ya pili mwaka 1968, na udaktari wa sayansi ya kompyuta mwaka 1974.

Alikuwa mwanafunzi katika maabara ya Profesa Leonard Kleinrock pale Oktoba 29, 1969, kompyuta ya UCLA ilipotuma ujumbe wa kwanza kwa kompyuta nyingine kaskazini mwa California kupitia ARPANET. Vijana waliokuwa pale walianza kuandikiana nyaraka za kiufundi zilizoitwa RFC, yaani maombi ya maoni. Crocker ndiye aliyeuanzisha mfululizo huo, lakini Postel akawa mhariri wake tangu mwaka huo wa 1969 mpaka siku anafariki. Nyaraka zaidi ya 2,000 zilipita mikononi mwake.

Kazi ya namba ilimjia kwa sababu hakuna mwingine aliyeitaka. Kompyuta mbili zikitaka kuzungumza, lazima zikubaliane namba fulani inamaanisha huduma fulani: hii ni ya barua, hii ya kuhamisha mafaili. Watu wawili wakichagua namba moja kwa kazi mbili tofauti, mtandao unavurugika. Mwaka 1972 Postel aliandika pendekezo fupi kwamba awepo mtu mmoja wa kugawa namba hizo, akadokeza, nusu kwa utani, kwamba mtu huyo anaweza kuwa yeye. Hakuna aliyepinga. Akaanza kuandika kwenye daftari.

Mwaka 1977, baada ya kupita katika taasisi kadhaa, alihamia Taasisi ya Sayansi ya Habari ya Chuo Kikuu cha Kusini mwa California, kwenye jengo refu linalotazama bandari ya mashua ya Marina del Rey. Hakuondoka tena. Ofisi yake ilijulikana kwa marundo ya karatasi. Septemba 1981 zilitoka chini ya uhariri wake nyaraka mbili ambazo bado zinabeba dunia: moja inaeleza itifaki ya IP, nyingine ya TCP. Mwaka uliofuata aliandika SMTP, kanuni ambayo seva za barua pepe bado zinaitumia zinapopelekeana barua.

Hapo ndipo penye jambo linalowagusa watoa huduma za intaneti wa leo. Anwani ya IP ilipewa biti 32, maana yake jumla ya anwani ni 4,294,967,296. Mwaka 1981 watu wote duniani walikuwa takriban bilioni 4.5, na kompyuta zilizokuwa kwenye mtandao zilikuwa mia mbili na ushei. Nani angewaza kwamba siku moja muuza samaki wa ziwa Kivu angehitaji anwani yake mwenyewe, na mwanawe ya kwake?

Anwani ziligawanywa kwa mafungu matatu. Fungu dogo lilikuwa na anwani 256, la kati 65,536, na kubwa 16,777,216. Taasisi iliyoona 256 hazitoshi ilichukua fungu la kati, hata kama ilihitaji 500 tu. Mafungu makubwa yalikwenda kwa jeshi la Marekani, kampuni chache kubwa na vyuo kama MIT, kilichopewa anwani zote zinazoanza na 18. Hakuna aliyelipa hata senti. Mwaka 2017 MIT kilitangaza kwamba anwani milioni 14 katika hizo hazikuwahi kutumika, na kwamba kingeuza angalau milioni 8.

Ni rahisi kumlaumu Postel kwa hilo, lakini si haki. Aligawa kwa aliyekuja kuomba, na waliokuja wakati huo walikuwa Wamarekani na Wazungu wachache. Zaire ya Mobutu haikuwa kwenye foleni. Ila matokeo yapo palepale: nani alifika kisimani mapema, nani alifika ndoo zimekwisha kujazwa.

Yeye mwenyewe aliliona tatizo likija. Kuanzia mwaka 1993 utaratibu wa mafungu matatu uliachwa, mtandao ukaweza kukatiwa anwani kwa kiasi chake. Novemba 1996 Postel na wenzake wanne walitoa mwongozo wa ugawaji ambao mhandisi yeyote wa kampuni ya intaneti atautambua, hata kama hajawahi kuusoma: mtoa huduma apewe kidogo kwanza, aonyeshe amezitumiaje, ndipo aongezewe, na kila anwani iandikwe mahali panapojulikana ili isitumike na wawili. Ulaya ilikuwa imepata ofisi yake ya usajili mwaka 1992 na Asia mwaka 1993. Afrika ilibaki ikiomba kwa ofisi za mabara mengine hadi AFRINIC, yenye makao Mauritius, ilipotambuliwa rasmi mwaka 2005.

Kwa mtoa huduma wa Bukavu, historia hiyo si ya vitabuni. Tangu Januari 2020 AFRINIC imeingia hatua ya mwisho ya kugawa akiba yake ya IP ya zamani, na mwombaji hapati zaidi ya anwani 1,024 kwa mara moja. Kampuni yenye wateja 20,000 itafanyaje? Inawapa wateja anwani za ndani, zile za 10 au za 192.168, kisha inawatoa nje kwa kundi kupitia anwani chache za kweli. Zile za 10 zilibaki bila mwenyewe baada ya ARPANET kuzimwa mwaka 1990, zikawekwa wazi kwa yeyote azitumie ndani ya mtandao wake. Mteja wa Bagira na mteja wa Nyawera wanaweza kuonekana huko nje kama mtu mmoja.

Hapo gharama inahamia kwenye seva. Ikitokea wizi au vitisho vya mtandaoni, anwani peke yake haimtaji mtu, kwa hiyo mtoa huduma anayetaka kujua lazima awe ameandika nani alitoka kwa anwani ipi, kwa mlango upi, saa na dakika ipi. Kumbukumbu hizo hujaa diski haraka kuliko kitu kingine chochote kwenye chumba cha seva. Fundi anayenunua haangalii ukubwa tu. SSD za bei rahisi huchakaa zikiandikwa usiku na mchana. Diski za kuzunguka hutoa nafasi kubwa kwa pesa kidogo, lakini hazipendi umeme kukatika ghafla, na Bukavu wanaujua umeme wa kukatika. Kwa kawaida diski zinawekwa mbilimbili, moja ikinakili nyingine, na betri ikisimama katikati ya seva na waya wa SNEL.

Dawa ya kudumu iliandikwa Postel akiwa hai. Toleo la kwanza la IPv6, lenye anwani za biti 128, lilitoka Desemba 1995. Linatosha kumpa kila mteja wa Kongo anwani nyingi kuliko vyombo vyote atakavyomiliki maishani. Kulifikisha kwa mteja wa mwisho ndiko kulikochelewa.

Kulikuwa na upande wa pili wa kazi yake, majina. Mwaka 1983 alimpa mwenzake Paul Mockapetris kazi ya kutafuta njia ya kubadilisha majina kuwa namba, na ndipo ulipozaliwa mfumo wa vikoa. Mwaka uliofuata Postel na Joyce Reynolds waliandika kanuni zake: .com, .edu, .org na wenzake, pamoja na herufi mbili kwa kila nchi. Herufi za nchi hakuzitunga. Alichukua orodha ya shirika la viwango la kimataifa, ISO, na mwaka 1994 akaeleza wazi kwamba si kazi yake kuamua nchi ipi ni nchi na ipi siyo.

Busara hiyo ilijaribiwa na Kongo. Zaire ilikuwa na .zr. Oktoba 1996 waasi wa AFDL waliuteka mji wa Bukavu. Mei 17, 1997 waliingia Kinshasa, na Laurent-Désiré Kabila akairudishia nchi jina la Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Herufi .cg zilikuwa tayari za Brazzaville. Ofisi ya Postel haikulazimika kumpima mshindi wa vita wala kumsubiri balozi. ISO ilibadilisha ZR kuwa CD mwaka huohuo, na .cd ikaingizwa kwenye mtandao kabla mwaka haujaisha. Herufi .zr ziliachwa zikae pamoja nayo hadi mwaka 2001, wenye majina ya zamani wapate muda wa kuhama.

Huko Marekani kwenyewe mambo hayakuwa matulivu hivyo. Tangu Septemba 1995 kampuni ya Network Solutions, iliyokuwa na mkataba wa serikali, ilianza kutoza dola 100 kwa jina la .com la miaka miwili. Pesa ikaingia, na wanasheria wakaifuata. Postel, aliyezoea kumaliza mambo kwa barua pepe ya mistari mitatu, akajikuta kwenye mikutano ya Geneva na Washington akiulizwa mamlaka yake yametoka wapi.

Januari 28, 1998 alifanya jambo ambalo wengi bado wanalijadili. Aliwaandikia waendeshaji wanane wa seva za mizizi, zile zinazoelekeza majina yote ya intaneti, akiwaomba wachukue orodha kuu kutoka kwenye mashine ya ofisi yake badala ya ile ya Network Solutions. Wote wanane walitii. Kwa siku chache intaneti ilikuwa na vichwa viwili vyenye orodha moja, na hakuna mtumiaji aliyehisi tofauti. Ira Magaziner, mshauri wa Rais Bill Clinton, alipopata habari alitaka mambo yarudi yalivyokuwa. Postel alieleza kuwa lilikuwa jaribio, akarudisha. Kama ni jaribio kweli, au ni mtu mpole aliyetaka serikali ione funguo ziko kwa nani, kila msimuliaji ana jibu lake. La pili linaaminika zaidi.

Miezi iliyobaki aliitumia kujenga chombo kisichomtegemea mtu mmoja. ICANN iliandikishwa California Septemba 30, 1998, ipokee kazi zake zote. Hakupata muda wa kuiongoza. Moyo ulikuwa umemsumbua kwa miaka, na mwaka 1991 alikuwa amebadilishiwa valvu. Oktoba 16, 1998, akiwa na miaka 55, alifariki Los Angeles kutokana na matatizo yaliyofuata upasuaji mwingine wa moyo. Bukavu wakati huo ilikuwa mikononi mwa waasi wa RCD, ikiwa na shida kubwa kuliko mtandao.

Vint Cerf aliandika tanzia, ikatolewa kama RFC namba 2468, katika mfululizo uleule ambao marehemu alikuwa ameuhariri tangu ujana. Jumuiya ya Intaneti ilianzisha tuzo kwa jina lake mwaka 1999, na mwaka 2007 ilikwenda kwa Nii Quaynor wa Ghana, mmoja wa waanzilishi wa AFRINIC.

Akiba kuu ya anwani za IP za zamani, ile iliyoanzia kwenye daftari, iliisha Februari 3, 2011, na tangu hapo anwani zimekuwa bidhaa ya kuuzwa na kununuliwa. AFRINIC yenyewe imekaa miaka mahakamani ikizigombania, na Septemba 2023 mahakama ya Mauritius iliiweka chini ya msimamizi. Wakati hayo yakiendelea, mtoa huduma wa Kivu Kusini anayetaka anwani bado anajaza ombi lenye maswali ya mwaka 1996: una wateja wangapi, na zile za mwanzo umezitumiaje?