Siti binti Saad na Wenzake: Funzo kwa Mwalimu wa Darasa

Siti binti Saad alizaliwa yapata mwaka 1880 katika kijiji cha Fumba, kusini mwa mji wa Unguja. Baba yake alikuwa Mnyamwezi na mama yake Mzigua. Utumwa haukuwa umefutwa kisheria Unguja hadi mwaka 1897, na mtoto huyo alipewa jina la Mtumwa. Jina la Siti alilipata baadaye. Hakupata kujua kusoma wala kuandika. Skuli ya serikali ya wasichana ilifunguliwa Unguja mwaka 1927, naye wakati huo alikwisha kuwa mtu wa makamo.

Kazi aliyorithi kwa mama yake ni ufinyanzi. Alivichukua vyungu kichwani hadi mjini, akavinadi kwa kuimba, na watu wakaanza kuisifu sauti yake. Mwaka 1911 alihamia mjini. Huko alipata mtu wa kumfundisha muziki, kisha akashirikiana na wasanii kama Subeti bin Ambar, Budda Swedi, Mbaruk Effandi na Maalim Shaaban.

Hapa ndipo sisi walimu tunapopaswa kutua na kutazama. Nyumba ya Siti huko Ng'ambo ilikuwa mahali pa mazoezi. Waliokutana hapo hawakulingana kwa elimu wala kwa jinsia. Kilichowaunganisha ni kuipenda taarabu. Mmoja alijua ala, mwingine alijua mashairi, na Siti, asiyejua herufi, alikuwa na sikio jepesi na kumbukumbu imara. Hata nyimbo za Kiarabu alizishika kwa kusikia. Taarabu iliyokuwa ikiimbwa kwa Kiarabu katika jumba la Sultani wao waliiimba kwa Kiswahili, ikawafikia watu wa kawaida. Mwaka 1928 walisafiri hadi Bombay kurekodi santuri, nazo zikauzwa kwa maelfu Afrika Mashariki. Siti alifariki mwaka 1950.

Tujiulize: Siti angeketi katika darasa letu, tungemwonaje? Yamkini tungemwandika miongoni mwa wazito, kwa kuwa tunapima kwa kalamu peke yake. Kila darasa lina mtoto wa namna hiyo: asiyeona vizuri, asiyesikia vizuri, mwenye kigugumizi, au anayechelewa kusoma.

Kwa hiyo twawashauri wanachuo waunde vikundi vya wenye kupenda jambo moja: ufinyanzi, bustani, ususi wa ukili, ngoma au hadithi. Kikundi kichanganye wepesi na wazito, na kila mtoto apewe kazi ambayo wenzake wataihitaji kwelikweli. Wafinyanzi, kwa mfano, wapime udongo na maji, wahesabu vyungu, wapange bei, na waandike maelezo ya hatua za kazi. Asiyeona vizuri ataujua udongo kwa vidole, na pengine atawafundisha wenzake. Kwa njia hiyo hesabu na lugha zitaingia katika kazi ambayo watoto wameichagua wenyewe.

Lakini lipo jambo la kutahadhari. Wenzake Siti waliikuza sauti yake, ila hadi mwisho wa maisha yake hakujua kusoma. Wao hawana lawama, maana hawakuwa skuli. Sisi ni skuli. Tukimwachia mtoto aimbe siku zote huku wenzake wakiandika, tutakuwa tumemtenga kwa njia ya upole. Hatuna budi kubadilisha kazi kwa zamu, na kumwongoza kutoka lile analoliweza hadi lile linalomshinda: wimbo alioukariri uandikwe ubaoni, naye afundishwe kuusoma neno kwa neno.

Mwanachuo aendapo kwenye mazoezi ya kufundisha, na aanze kwa kuuliza kila mtoto anapenda nini. Huenda katika safu ya nyuma ameketi mwingine aliyetoka Fumba na vyungu vyake.