ROBERT WANGILA: JE, TUMHESABU MIONGONI MWA MAGWIJI?

Katika kurasa hizi za maisha ya watu mashuhuri, wengi huandika juu ya viongozi na waandishi wa vitabu. Mimi mwaka huu nimeamua kuwaletea bondia. Huyu ni marehemu Robert Napunyi Wangila, aliyeiaga dunia mwaka wa 1994 akiwa na umri wa miaka 26 tu. Nimemchagua kwa sababu jina lake likitajwa kwenye bweni, ubishi huzuka papo hapo. Wapo wanaoapa kwamba ni gwiji wa magwiji. Wapo wanaosema ati alikuwa na ngumi nzito tu, akabahatika siku moja kule Seoul, basi, hadithi ikaisha. Naomba nisimulie maisha yake kwanza, halafu nitoe hukumu yangu bila kumwogopa mtu.

Wangila alizaliwa Nairobi tarehe 3 Septemba 1967. Hata hivyo, jina lake ni la huku kwetu Magharibi, na ukifika Bungoma utawapata akina Wangila wengi kama mahindi. Alipoanza kuvaa glavu, ndondi haikuwa mchezo wa kudharauliwa nchini. Philip Waruinge alikuwa ameleta medali ya shaba kutoka Mexico mwaka wa 1968, kisha ya fedha kutoka Munich mwaka wa 1972. Huko huko Munich, Samuel Mbugua alipata shaba, naye Dick Murunga akapata shaba nyingine katika uzani wa welta, uzani ule ule ambao Wangila angekuja kupigania. Baada ya hapo Kenya ilisusia Olimpiki mbili mfululizo, ya 1976 na ya 1980, kwa sababu za kisiasa. Iliporudi Los Angeles mwaka wa 1984, Ibrahim Bilali akaambulia shaba. Kwa hiyo mlango ulikuwa umebishwa sana, na kila mara ulifunguliwa nusu tu. Shaba tulikuwa nazo, fedha tulikuwa nayo, lakini dhahabu ya ndondi tuliisikia kwa majirani wa mbali.

Miaka ya themanini, timu ya taifa ya ndondi ilijulikana kwa jina la Hit Squad, na jina hilo lilitisha kotekote Afrika. Wangila alikuwa mmoja wa vijana hao. Sifa yake kubwa ilikuwa kushambulia. Kuna mabondia wanaocheza kama mtu anayeogopa kuchafua viatu: anagusa, anakimbia, anagusa tena, anangoja kengele. Wangila hakuwa wa namna hiyo. Yeye alisonga mbele akitafuta konde moja la kumaliza kazi.

Hapa ni lazima nieleze jinsi ndondi za ridhaa zilivyoamuliwa wakati huo, kwa sababu bila kulielewa jambo hili hatuwezi kumpima mtu huyu. Pigano lilikuwa la raundi tatu za dakika tatu tatu. Waamuzi watano waliketi kando ya ulingo, kila mmoja na karatasi yake, na mwisho wake walisema nani ameshinda. Mtindo huo ulimpendelea bondia nadhifu, anayepiga ngumi nyingi nyepesi zinazoonekana wazi. Mshambuliaji alikuwa hatarini, kwa maana akisonga mbele bila kumwangusha mwenzake, huenda akahesabiwa ngumi alizopigwa njiani. Tena waamuzi ni binadamu. Katika Olimpiki hiyo hiyo ya Seoul, mwaka wa 1988, Mmarekani Roy Jones alimchapa Park Si-hun wa Korea Kusini hadi ulimwengu ukaona, lakini waamuzi watatu kati ya watano wakampa mwenyeji ushindi. Watu walipigwa na butwaa. Olimpiki iliyofuata, ya Barcelona mwaka wa 1992, pointi zilihesabiwa kwa mitambo.

Sasa mtazame Wangila katika mashindano hayo hayo. Alipita raundi moja baada ya nyingine hadi nusu fainali. Huko alipangiwa Jan Dydak wa Poland, ambaye hakuweza kupanda ulingoni, na hivyo Wangila akaingia fainali bila jasho. Bila shaka wapinzani wake hapa shuleni hulikamata jambo hilo kwa mikono miwili. Wanasema njia ilikuwa imefagiliwa. Haya, tuendelee. Fainali ilikuwa dhidi ya Laurent Boudouani wa Ufaransa. Raundi ya kwanza ikapita. Katika raundi ya pili konde la Wangila likatua, Mfaransa akaanguka, refa akahesabu hadi kumi. Mkononi mwa waamuzi watano karatasi zikabaki karatasi. Hakuna aliyemwibia Wangila, na Wangila hakumwibia mtu.

Kwa konde hilo, Wangila akawa bondia mweusi wa kwanza kutoka nchi ya Afrika kutwaa dhahabu ya Olimpiki. Waliotangulia kuipata kutoka bara letu walikuwa Wazungu wa Afrika Kusini, wakati ambapo mabondia weusi wa huko hawakuruhusiwa kuiwakilisha nchi yao. Katika Olimpiki hiyo, Mkenya mwenzake, Chris Sande, alipata shaba. Kenya ilirudi na dhahabu tano: nne za wanariadha Paul Ereng, Peter Rono, Julius Kariuki na John Ngugi, na ya tano ya Wangila. Tangu Naftali Temu alipofungua njia mwaka wa 1968 hadi michezo ya Paris mwaka wa 2024, Kenya imepata zaidi ya dhahabu 30 za Olimpiki. Zote ni za riadha isipokuwa moja tu. Hiyo moja ni ya Wangila.

Je, ilikuwa bahati? Mimi nasema hapana, na ushahidi ninao. Boudouani hakuwa mtu wa kuokotwa sokoni. Mwaka wa 1996 alikuja kuwa bingwa wa dunia wa WBA katika ndondi za kulipwa, akalishikilia taji hilo hadi mwaka wa 1999. Mtu kama huyo haangushwi na bahati. Halafu, ngumi nzito bila hesabu ni kelele tu. Ili konde liangushe bondia aliyefika fainali ya Olimpiki, mguu lazima ukanyage mahali pake, nyonga izunguke kwa wakati wake, na jicho liwe limeiona nafasi kabla haijafunguka. Wanaomwita Wangila mtu wa nguvu tu wameona tunda wakasahau mti.

Lakini mizani ya haki ina pande mbili, na sitaki kuuficha upande wa pili. Baada ya Seoul, Wangila alivuka kwenda Marekani na mwaka wa 1989 akaanza ndondi za kulipwa. Kule mambo ni mengine. Wakati huo kofia ya kinga ilivuliwa, glavu zikapungua, na raundi zikaongezeka. Mtindo wa kushambulia unaofaa kwa dakika tisa si lazima ufae kwa nusu saa. Mshambuliaji anayelikosa konde lake la kumaliza kazi huendelea kupokea makonde ya mwenzake, raundi baada ya raundi. Wangila alishinda mapigano 22 na kushindwa 5. Hizo si takwimu za aibu, lakini taji la dunia hakulipata. Ukimweka kando ya mabingwa wa dunia waliotetea mikanda yao kwa miaka mingi, kwa upande huu atakuwa mwepesi.

Tarehe 22 Julai 1994, huko Las Vegas katika hoteli ya Aladdin, alipambana na David Gonzalez. Katika raundi ya 9 refa Joe Cortez alilisimamisha pigano. Wangila alilalamika, alitaka kuendelea. Akashuka ulingoni kwa miguu yake. Haikuchukua muda, kama nusu saa hivi, akazirai katika chumba cha kubadilishia nguo. Hakuzinduka tena. Tarehe 24 Julai akakata roho kutokana na majeraha ya pigano hilo.

Jambo hili ndilo lililotugawanya tulipojadiliana chamani. Baadhi ya wenzangu walisema kwamba kule kulalamika kwake ndiko kunakomfanya awe shujaa: simba hasalimu amri. Mimi nilisimama kupinga, na bado napinga. Sisi wa Kakamega tunajua mambo ya kupigana, kwa sababu Isukha na Idakho fahali hupambanishwa mbele ya umati, isukuti zikilia. Je, fahali akizidiwa hufanyaje? Hugeuka, akatoroka, na pigano limekwisha. Mwenye fahali hurudi naye nyumbani, pengine siku nyingine akashinda. Fahali ana akili hiyo. Bondia mshambuliaji hana, kwa sababu moyo ule ule uliompa dhahabu humwambia kwamba kurudi nyuma ni aibu. Ndiyo maana binadamu tukawekewa refa. Refa alipoinua mkono usiku ule hakumnyima Wangila ushujaa wake. Alikuwa akijaribu kumrudisha nyumbani, ila muda ulikuwa umeshapita.

Basi, hukumu yangu ni hii. Tukipima magwiji kwa wingi wa mikanda, Wangila hayumo. Tukiwapima kwa urefu wa miaka, hayumo pia. Aliondoka mapema mno. Lakini kuna kipimo cha tatu: Je, mtu huyu, siku kubwa kuliko zote ilipofika, alifanya jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifanya, mbele ya mpinzani wa kweli, kwa namna isiyoacha shaka? Kwa kipimo hicho Wangila ni gwiji, na sijui ni Mkenya gani bondia atakayekaa juu yake. Waruinge huenda alikuwa na ufundi mwingi zaidi, wala sibishani na wazee wanaosema hivyo. Ila dhahabu ni dhahabu.

Nawasihi tu wenzangu, hasa nyinyi mnaocheza raga na kandanda na mnaojiona hamwezi kuumia, tumsifu Wangila kwa kile kinachostahili sifa. Tumsifu kwa raundi ya pili ya Seoul, tusimsifu kwa kutaka kuendelea katika raundi ya tisa ya Las Vegas. Mwalimu wa michezo akikuambia utoke uwanjani kwa sababu umegongwa kichwa, toka. Wenye ushujaa wa kweli wametoka na kurudi mara nyingi. Usisubiri mpaka usiweze kurudi.

Mola ailaze roho ya marehemu mahali pema peponi.