Papwa Sewgolum Asisahauliwe

Wapenzi wa gofu, kama wapenzi wa michezo mingine yote, hawachoki kubishana juu ya nani aliye mkubwa kupita wenzake. Wako wanaomtaja Jack Nicklaus wa Marekani, aliyeshinda mashindano makubwa ya dunia mara 18. Wako wanaoshikilia kwamba Tiger Woods, aliyeyashinda mara 15, ndiye aliyeugeuza mchezo wenyewe ukawa mwingine. Wazee nao hawakubali aachwe Arnold Palmer, mwenye ushindi mara 7, wala Gary Player wa Afrika Kusini, mwenye ushindi mara 9. Sisi hatuna ugomvi na hesabu hizo. Neno letu ni moja tu: hesabu ya vikombe huwapima wale walioruhusiwa kuingia kiwanjani. Aliyefungiwa lango hahesabiwi, hata kama mkono wake ulikuwa na ufundi kuliko mikono ya wote waliokuwa ndani.

Kwa sababu hiyo leo tunapenda kuwakumbusha wasomaji wetu habari za Sewsunker Sewgolum, aliyejulikana zaidi kwa jina la Papwa, mchezaji wa gofu wa Durban, Afrika Kusini, aliyefariki dunia mwaka 1978. Huenda msomaji wa Karatu au wa Ngorongoro akauliza gofu inamhusu nini yeye, ambaye watoto wake wanajua mbio na kandanda, na ambaye akitaka kuona kiwanja cha gofu yampasa ateremke mpaka Arusha au afike Moshi. Tunamwomba avumilie, maana habari hii, ijapokuwa imeanzia mbali, ilikuja kubisha hodi katika wilaya yake mwenyewe.

Papwa alizaliwa karibu na mwaka 1930 katika ukoo wa Wahindi maskini, wazao wa watu waliopelekwa Natal kufanya kazi katika mashamba ya miwa. Hakusoma shule, wala hakujua kusoma na kuandika. Tangu utotoni alipata riziki yake kwa kuwabebea Wazungu fimbo zao katika viwanja vya gofu vya Durban. Mbeba fimbo hutembea kiwanja kizima nyuma ya mchezaji, huona kila pigo, huujua mteremko wa kila jani. Ila mpira si wake, na kiwanja si chake. Papwa alijifunza kwa macho, kisha akaenda kujaribu peke yake kwa vifaa vya kuokoteza.

Kwa kuwa hakuwa na mwalimu, alijifunza kuishika fimbo kinyume na watu wote. Mchezaji wa mkono wa kulia huweka mkono wa kulia chini ya mkono wa kushoto. Papwa aliweka wa kushoto chini na wa kulia juu. Wataalamu walipomwona walishangaa, kwa sababu kila kitabu cha gofu kilifundisha kwamba mpira hauwezi kwenda mbali wala kwenda sawa kwa mshiko wa namna ile. Mpira wake ulikwenda mbali, na ulikwenda sawa.

Katika nchi yake, kipaji hicho hakikuwa na pa kwenda. Makaburu walikuwa wameshika madaraka tangu 1948, na kwa sheria ya mwaka 1950 waligawa ardhi na makazi kwa rangi ya ngozi. Mashindano makubwa ya gofu, yenye fedha na sifa, yalikuwa ya Wazungu. Ndipo Mzungu mmoja mfanya biashara wa Durban, Graham Wulff, ambaye Papwa alikuwa akimbebea fimbo, alipotambua kwamba kijana huyu ni hodari kuliko mabwana zake. Mwaka 1959 akamchukua hadi Ulaya ili akacheze mahali ambapo rangi haikuulizwa langoni.

Yafaa hapa tueleze jinsi mashindano hayo yanavyokwenda, kwa faida ya wasioyajua. Kiwanja kina mashimo 18. Wachezaji wa kulipwa kwa kawaida hukizunguka mara nne, yaani mashimo 72, na mshindi ni yule aliyetumia mapigo machache kuliko wenziwe. Hakuna mwamuzi wa kupendelea, wala hakuna mpinzani wa kukuangusha kwa mguu. Mpira umelala chini. Umeupiga mwenyewe, na hesabu ni yako mwenyewe. Ni mchezo ambao, kwa maumbile yake, hauna nafasi ya kudhulumu mtu. Ili kumdhulumu Papwa, ilibidi watu watoke nje ya mchezo na kutunga sheria.

Katika mwaka huo wa 1959 Papwa alishinda Mashindano ya Wazi ya Uholanzi. Akayashinda tena 1960, na mara ya tatu 1964. Kwa nafasi hiyo hiyo, Gary Player naye alishinda Mashindano ya Wazi ya Uingereza mwaka 1959. Basi wana wawili wa nchi moja walirudi kwao na sifa kutoka Ulaya katika mwaka mmoja. Mmoja alikuwa na haki ya kuingia katika kila klabu ya nchi yake kwa mlango wa mbele; mwingine alirudi katika nchi ambamo klabu zile zile alizokuwa akibeba fimbo zilimhesabu mtumishi.

Mwaka 1963, baada ya kuombewa kibali, Papwa aliruhusiwa kushindana na Wazungu katika Mashindano ya Wazi ya Natal, mjini Durban. Akawashinda wote. Siku ya kutoa zawadi mvua ilikuwa ikinyesha. Wazungu aliowashinda walikuwa ndani ya jumba la klabu, pakavu, pamoja na wageni wao. Bingwa hakuruhusiwa kuingia, kwa kuwa sheria ilikataza asiye Mzungu kukaa nao humo. Akakabidhiwa kombe lake nje, mvuani. Picha ya tukio hilo ilizunguka dunia nzima, na watu wengi ambao hawakuwahi kushika fimbo ya gofu waliuelewa ubaguzi wa rangi kwa kuitazama picha ile moja kuliko kwa hotuba mia. Mwaka huo huo alicheza katika Mashindano ya Wazi ya Uingereza na kumaliza miongoni mwa ishirini wa kwanza.

Mwaka 1965 alirudi tena katika mashindano ya Natal, na safari hii miongoni mwa walioshindwa alikuwamo Gary Player mwenyewe. Msomaji apime uzito wa jambo hilo. Katika mwaka huo wa 1965 Player alishinda pia mashindano ya taifa ya Marekani, na kwa ushindi huo akawa ametimiza yote manne makubwa ya dunia, sifa ambayo kabla yake walikuwa nayo watu wawili tu wa zama zetu za gofu, Gene Sarazen na Ben Hogan. Mtu wa namna hiyo ndiye aliyeshindwa na mbeba fimbo asiyejua kusoma, aliyeshika fimbo kinyume.

Makaburu walijibu kwa njia waliyoizoea. Haukupita muda mrefu, Papwa akapigwa marufuku kucheza katika mashindano ya Wazungu, na pasi yake ya kusafiria ikazuiwa, ili asiweze kwenda kushinda kwa watu pia. Alikuwa katika umri ambao mchezaji wa gofu huvuna matunda ya kazi yake. Miaka iliyobaki ya ufundi wake ikapotea bure. Alifariki mwaka 1978, bado hajafikia uzee, naye ni maskini.

Sasa tuje nyumbani. Wananchi wa Karatu hawahitaji kuambiwa Filbert Bayi ni nani. Kijana huyo aliyezaliwa Karatu mwaka 1953 alivunja rekodi ya dunia ya mita 1500 mjini Christchurch, New Zealand, tarehe 2 Februari 1974, kwa dakika 3 na sekunde 32.2, akimwacha nyuma John Walker mbele ya watu wa kwao. Mwaka 1975 akavunja rekodi ya maili mjini Kingston, Jamaika. Dunia nzima ilikuwa ikingoja wawili hao wakutane tena katika Olimpiki ya Montreal mwaka 1976.

Hawakukutana. Timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imekwenda kucheza Afrika Kusini mwaka ule ule ambao damu ya wanafunzi ilimwagika Soweto. Nchi zaidi ya ishirini, nyingi za Afrika, zikakataa kushiriki Montreal, na Tanzania ilikuwa mstari wa mbele. Walker akapata medali ya dhahabu. Bayi alibaki bila mbio. Alipata medali ya fedha Moscow mwaka 1980, katika mita 3000 za kuruka vihunzi na maji, lakini mbio zile za Montreal hazikurudi tena. Hakuna awezaye kusema kwa hakika nani angeshinda. Lisilo na shaka ni kwamba kijana wa Karatu alitoa kile ambacho mwanamichezo hukipata mara moja tu katika maisha yake.

Wako waliouliza wakati ule, na wako wanaouliza hata leo, ilikuwa haki kumtwisha mkimbiaji mmoja mzigo wa siasa za bara zima. Swali hilo si la kipuuzi, na hatupendi kulipita kana kwamba halikuulizwa. Jibu letu ni kwamba mzigo huo haukutengenezwa Dar es Salaam. Ulitengenezwa na wale walioingiza siasa katika kiwanja cha gofu cha Durban. Aliyemsimamisha bingwa mvuani ndiye aliyechanganya michezo na siasa. Waliokataa kucheza naye walimwonyesha tu kwamba wameona. Papwa alinyimwa, Bayi alijinyima pamoja na taifa lake, na kunyimwa kwa wa kwanza kulikuwa miongoni mwa sababu za kujinyima kwa wa pili.

Wala tusidhani ubaguzi katika gofu ulikuwa wa makaburu peke yao. Chama cha wachezaji wa kulipwa cha Marekani kilikuwa na kifungu katika katiba yake kilichoruhusu Wazungu tu, na hakikukiondoa mpaka 1961. Charlie Sifford, Mmarekani mweusi, alikuwa amekwisha pita umri wake bora lango lilipofunguliwa, na bado alishinda mashindano makubwa ya Hartford mwaka 1967. Mweusi wa kwanza kucheza katika mashindano ya Masters alikuwa Lee Elder, mwaka 1975. Tiger Woods alipoyashinda mashindano hayo mwaka 1997 kwa tofauti ya mapigo 12, alipita katika njia ambayo wengine waliifyeka wasiifaidi.

Kwa upande wa Gary Player, haki inatudai tuseme yote. Katika miaka ya 1960 aliutetea ubaguzi wa nchi yake kwa maandishi. Baadaye aliukana hadharani, na mwaka 1971 alimwalika Lee Elder kucheza Afrika Kusini. Ukubwa wake kiwanjani hatuupunguzi. Tunasema tu kwamba vikombe vyake vya nyumbani vilipatikana katika uwanja ambao mshindani mmoja aliyekwisha mshinda alikuwa amefungiwa nje, na mwanahistoria wa gofu anayeorodhesha wakubwa bila kuandika hivyo ameandika nusu.

Sisi wa sehemu hizi tuna sababu yetu ya pekee ya kuchukizwa na upuuzi wa rangi. Mwaka 1959, mwaka ule Papwa aliposhinda Uholanzi, Mary Leakey aliligundua fuvu la Zinjanthropus katika Bonde la Oldupai, Ngorongoro. Mwaka 1978, mwaka wa kifo chake, zikafukuliwa Laetoli nyayo za viumbe wa kale waliotembea kwa miguu miwili zaidi ya miaka milioni 3 iliyopita. Ardhi yetu yenyewe inashuhudia kwamba wanadamu wametoka jiko moja.

Afrika Kusini huru ilimpa Papwa nishani ya taifa baada ya kifo chake, na kiwanja kimoja cha gofu mjini Durban kina jina lake. Ni vizuri, ingawa marehemu hapokei zawadi. Hapana budi walio hai wapokee somo. Leo hakuna sheria ya rangi katika viwanja vyetu, lakini lango la fedha lipo: ada za klabu na bei ya fimbo havifikiwi na mtoto wa mkulima. Tunaziomba klabu za gofu za Kaskazini ziwape vijana wanaobeba fimbo siku zao za kucheza, vifaa vya kuazima na walimu, kwani hao ndio wanaokijua kiwanja kuliko wenye kadi za uanachama.

Nao walimu wa michezo wa Karatu, wanapowasimulia watoto habari za Montreal, wawaambie pia habari za mtu wa Durban. Mtoto akijua kwamba Bayi hakukimbia mwaka 1976, ni haki yake kujua hakukimbia kwa ajili ya nani.