Hesabu ya Kayafa

Wewe uliye hapa Katoro unajua watu wanavyoungana kwenye duara la dhahabu. Mmoja analisha wachimbaji, mwingine ana pampu, wengine wana mikono yao tu, na wote wanakubaliana mgawo wakati bado hawajaona hata punje moja. Siku hizo za kuhangaika pamoja kupendana ni rahisi. Mtihani huja duara likishatema. Hapo ndipo anapotokea mtu wa kunong'ona kwamba fungu la kila mmoja lingekuwa nono zaidi kama fulani, yule asiye na ndugu wala karatasi, angeachwa nje.

Mnong'ono huo ni wa kale. Kayafa, kuhani mkuu, aliona ni afadhali mtu mmoja aangamie ili wengi wapone, na barazani wakaiona hesabu hiyo kuwa ya busara. Leo nakusimulia maisha ya mtu ambaye wenzake walipewa hesabu ya namna hiyo, wakaikataa.

Jina lake ni Burl Toler. Alizaliwa mwaka 1928 huko Memphis, mji wa kusini mwa Marekani, mahali ambapo sheria za wakati ule zilimtenga mtu mweusi na mweupe shuleni, kwenye basi na hata mezani. Akiwa kijana alihamia California, na hatimaye akafika Chuo Kikuu cha San Francisco, chuo cha mapadre Wajesuiti. Huko alicheza mpira wa Kimarekani, ule wa kukimbia na mpira wenye umbo la yai na kuangushana kwa mabega. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imekwisha miaka michache tu, na timuni walikuwamo waliotoka vitani. Gino Marchetti, mtoto wa wahamiaji kutoka Italia, alikuwa amepigana na Wajerumani akiwa bado kijana mdogo. Wachezaji weusi walikuwa wawili: Toler na rafiki yake Ollie Matson.

Msimu wa 1951 timu hiyo ilicheza mechi 9, ikashinda zote 9. Nchini humo timu bora za vyuo hualikwa kwenye mechi kubwa za kufungua mwaka, zenye malipo mazuri. Chuo kilikuwa kimeelemewa na gharama za timu, na mwaliko mmoja ungeweza kuiokoa isifungwe. Lakini mechi kadhaa za namna hiyo zilichezwa kusini. Wachezaji wenyewe walisimulia baadaye kwamba walielezwa wazi: mwaliko ungepatikana kama wangekubali kwenda bila Toler na Matson.

Hebu jiweke mahali pao. Upande mmoja kuna kikosi kizima, upande mwingine watu wawili. Hakuna aliyeombwa kumwaga damu. Ilikuwa ni kuwaacha wenzao wawili nyumbani kwa siku chache tu, kisha warudi na fedha ya kuinusuru timu ya wote. Vijana wale walikataa. Wala hakuna muujiza uliofuata. Mwaliko haukuja, na msimu ulipokwisha chuo kikaifunga timu. Nakueleza hili kwa makusudi, maana siku hizi tumezoea kusikia kwamba ukitenda haki utalipwa kabla ya mwisho wa mwezi. Haki ina gharama, na mara nyingine gharama hiyo hairudi mfukoni.

Toler naye hakuandaliwa njia rahisi. Mwaka 1952 alikuwa amekwisha kuchaguliwa na timu ya kulipwa ya Cleveland Browns, lakini akaumia goti vibaya katika mechi ya Chicago. Hakucheza mpira wa kulipwa hata siku moja. Kwa macho ya dunia ungesema wenzake walipoteza bure.

Yeye akashika chaki. Alifundisha San Francisco, na baadaye akawa mtu mweusi wa kwanza kuwa mkuu wa shule ya sekondari katika shule za umma za mji huo. Mwaka 1965 ligi ya kulipwa, NFL, ikamchukua kuwa mwamuzi, mweusi wa kwanza katika kazi hiyo. Alidumu nayo misimu 25, na mwaka 1980 akachezesha Super Bowl, fainali ya mchezo huo. Aliyeonekana hafai kukanyaga viwanja vya kusini sasa alikuwa uwanjani na filimbi, na weupe kwa weusi wakatii uamuzi wake.

Alifariki mwaka 2009. Mwaka 2017 chuo chake kililibadilisha jina bweni lililokuwa likiitwa kwa heshima ya James Phelan, seneta aliyefanya kampeni mwaka 1920 ili California ibaki nchi ya weupe. Sasa linaitwa kwa jina la Burl Toler. Jiwe walilolikataa waashi, wewe unajua linapoishia.

Sasa, ndugu yangu, tuache Marekani turudi kwetu. Wiki hii kuna mahali utakapoketi kugawana: kwenye duara, kwenye kikoba, au nyumbani mkigawa shamba la marehemu. Atakuwapo wa kunong'ona kwamba mjane aachwe, kwamba mgeni asihesabiwe, kwamba mtoto wa nje hana fungu. Hesabu itaonekana nzuri, na wewe utakuwa upande wa wanaofaidika. Usingoje mtu mwingine aseme hapana.

Kumbuka kwamba Bwana tunayempokea kila Dominika ndiye yule mmoja aliyetolewa nje ya mji ili wengine wabaki salama. Tutanyooshaje mikono mbele ya altare yake, huku Jumatatu tukipiga hesabu ya Kayafa juu ya mwenzetu?

Nakutakia Dominika njema.