Aliyeleta Trauti Katika Mto Gura

Mimi ni mtu wa pwani, na samaki kwangu ni changu, tasi, kolekole na nguru. Sikupata kudhani kwamba siku moja nitatoka Mombasa hadi Nyeri kwenda kununua samaki walio hai, tena wadogo kama kidole. Lakini shemeji yangu, aliyefanya biashara huko bara kwa zaidi ya miaka 20, alikuwa amechimba bwawa nyuma ya nyumba yake, akashikilia kwamba sharti nifuatane naye kwenda kuchagua vifaranga vya trauti. Nadhani aliamini kwamba kila aliyezaliwa karibu na bahari ni mjuzi wa samaki wote.

Mara ya kwanza alipata hasara. Alinunua samaki akawatia katika bwawa la maji yaliyotuama, na hazikupita siku tatu wote walikuwa wameelea matumbo juu. Kosa lilikuwa lake mwenyewe. Trauti si kambale wa kuvumilia tope. Ataka maji ya baridi, yasipite nyuzi 20, na yawe yanapita usiku na mchana ili yabebe hewa ya kutosha. Safari hii shemeji alikuwa amevuta mfereji kutoka kijitoni, maji yakiingia upande huu na kutokea upande wa pili.

Tulipofika, muuzaji aliwateka samaki kwa wavu, akawahesabu mbele yetu, akawatia katika mifuko ya plastiki yenye maji kiasi cha thuluthi moja, na nafasi iliyosalia akaijaza hewa ya oksijeni na kuifunga kwa mipira. Hapo nilipata la kusema, maana wanavyuoni wetu wamekataza kuuza samaki aliye majini, asiyeonekana wala kushikika. Biashara ile ilikuwa safi: tuliona, tukahesabu, tukalipa.

Njiani, mifuko ikiwa mapajani petu, shemeji aliniuliza ni nani aliyemleta samaki huyu nchini. Wale tulionunua walikuwa wa aina iitwayo ya upinde wa mvua, ambayo ilikuja mwaka 1910. Lakini wa kwanza, trauti wa rangi ya kahawia, waliletwa mwaka 1905 na Mzungu aliyeitwa Ewart Scott Grogan. Nilipolitaja jina hilo shemeji aliguna. Ndipo nikamsimulia, kama ninavyokusimulia wewe, msomaji.

Grogan alizaliwa London mwaka 1874, katika nyumba iliyojaa watoto kupita kiasi. Akiwa kijana alikwenda kupigana upande wa Waingereza katika vita vya Wamatabele mwaka 1896. Baadaye alimpenda binti mmoja, Gertrude Watt, lakini baba wa kambo wa binti huyo hakuona kwamba kijana yule ni mtu wa kutegemewa. Basi Grogan akaahidi kulipita bara la Afrika kutoka kusini hadi kaskazini, jambo ambalo hakuna Mzungu aliyekuwa amelifanya. Alianza mwaka 1898, akafika Cairo mwaka 1900, akaandika kitabu cha safari hiyo, akamwoa Gertrude. Katika masimulizi ya namna hii wapagazi hawatajwi sana, ingawa mizigo ilikuwa vichwani mwao.

Mwaka 1904 akaja Afrika ya Mashariki kutafuta mali. Alijipatia misitu ya kupasua mbao, akajipatia kinamasi cha Nairobi ambacho wengine walikidharau, na hapa kwetu Mombasa akajipatia ardhi ya Mbaraki, ufukweni Kilindini, karibu na ule mnara wetu wa kale. Ardhi zote hizo zilikuwa na watu waliozijua kabla yake.

Sasa fikiri kazi ya kuleta samaki. Aliagiza mayai ya trauti wa Loch Leven, huko Scotland. Samaki hai asingeweza kuvuka bahari wakati ule, lakini yai liliweza likihifadhiwa vyema. Ujuzi huo ulikuwa umekwisha kuthibitishwa mwaka 1864, mayai yalipofikishwa Tasmania kutoka Uingereza yakiwa yamepangwa katika ukoka wa majimaji na kuzungukwa na barafu. Baridi hulichelewesha yai lisiangue njiani. Barafu ikiyeyuka katika joto la bahari zetu, basi kazi yote imeharibika. Na baada ya meli kulikuwa na reli, na baada ya reli kulikuwa na mwendo wa kupanda milima ya Nyandarua, hadi Mto Gura, maji yakiporomoka kwa kasi, baridi ya kukata vidole. Humo ndimo trauti walimotiwa, wakaishi, wakazaana.

Hapakuwa na njaa iliyomsukuma. Wakikuyu waliokaa kando ya mito ile hawakuwa walaji wa samaki. Trauti aliletwa kwa ajili ya mchezo wa walowezi, wapate kutupa ndoana kama walivyozoea kwao. Na baada ya samaki ikafuata sheria ya kikoloni. Kumvua trauti kulitaka leseni. Mimi hapa huwa nasita. Katika dini yetu samaki wa mtoni ni mubaha, ni wa yule amvuaye. Mtu aliyezaliwa kando ya Gura, aliyechota maji humo na babu zake, aligeuzwa kuwa mwizi kwa kumtoa majini samaki ambaye hakumwomba mtu alete.

Shemeji aliguna kwa sababu nyingine. Alikuwa amesikia habari za mwaka 1907. Mwaka huo Grogan, akiwa kiongozi wa chama cha walowezi, aliwachapa viboko hadharani vijana watatu wa Kikuyu mbele ya mahakama ya Nairobi, ati walikuwa wamewakosea adabu wanawake wa Kizungu waliokuwa wakiwavuta kwa rikisho. Hakungoja hakimu. Alihukumiwa kifungo cha mwezi mmoja, na walowezi wakazidi kumheshimu. Mtu akiniambia Grogan alikuwa hodari, sibishi. Lakini siwezi kuutaja ule mto bila kuutaja uwanja ule wa mahakama, kwa kuwa mkono ni ule ule.

Baadaye alihamia Taveta, akapanda mkonge katika mashamba makubwa, akachimba mifereji kuleta maji ya chemchemi, na akajenga juu ya kilima nyumba ambayo watu huiita kasri. Gertrude alikufa mwaka 1943, na kwa kumkumbuka alitoa ardhi huko Muthaiga ijengwe hospitali ya watoto, ambayo ilianzishwa mwaka 1947 na ingali inatibu. Hilo nalo ni haki lisemwe. Mwenyewe alifariki Cape Town mwaka 1967, mwenye umri wa miaka 92. Barabara ya Nairobi iliyobeba jina lake huitwa sasa Kirinyaga. Suala la ardhi Taveta liliendelea kuwasumbua wenyeji miaka mingi baada ya yeye kuzikwa.

Serikali ilianzisha kituo cha kuzalishia trauti Kiganjo mwaka 1948, na wananchi wa kawaida nao wakaja kujifunza kufuga. Trauti wa bwawani hazai mwenyewe bila maji yanayopita juu ya changarawe, kwa hiyo mwenye bwawa hurudi kununua kila mara. Shemeji alilalamika kwamba huo ni ujanja wa wauzaji. Nikamwambia ni maumbile.

Tulipofika hatukuwamwaga samaki mara moja. Tuliielekeza mifuko juu ya maji kwa muda, ili maji ya ndani na ya nje yalingane kwa baridi, kisha tukaifungua polepole. Nilipowatazama nilikumbuka kwamba Gura huingia Tana, na Tana hushuka kupita Garsen hadi Kipini, kwetu kabisa. Maji yale hutufikia kila siku, lakini trauti hatufikii, kwa kuwa joto humrudisha juu. Shemeji alikuwa ameinama, akihesabu tena. Mmoja alikuwa amekufa.