Yuhi Musinga, mwami wa Rwanda aliyefia uhamishoni Moba

Mwami Yuhi V Musinga wa Rwanda alifariki mwaka wa 1944 huko Moba, kwenye ufuko wa ziwa Tanganyika, mbali sana na ngoma ya ufalme wake. Wabelgiji ndio walimpeleka huko.

Kule Rwanda, alama kuu ya ufalme ilikuwa ngoma Kalinga, iliyopambwa kwa viungo vya wafalme maadui waliouawa. Sheria za kumtawaza mwami zilikuwa siri ya abiru, wazee waliozihifadhi kwa kichwa. Jina la ufalme nalo lilikuwa na masharti yake: aliyeitwa Yuhi, mila ilimkataza kuvuka mto Nyabarongo.

Musinga hakuwa mrithi. Baba yake Rwabugiri, yule aliyeshambulia Idjwi na Bushi, alimwachia kiti mwana mwingine, Rutarindwa. Lakini akampa Kanjogera, mama mzazi wa Musinga, cheo cha mama wa mwami. Hapo ndipo alipopanda fitina. Desemba 1896, huko Rucunshu, Kanjogera na ndugu zake, Kabare akiwa mbele, walimpindua Rutarindwa. Alikufa ndani ya nyumba iliyowaka moto, na inasimuliwa kwamba Kalinga pia iliungua. Kabare, wanasema, hakushtuka: mwami yupo, ngoma itachongwa nyingine. Basi mtoto wa miaka kama 13 akatawazwa.

Wajerumani walimkubali, naye akajifunza Kiswahili. Wabelgiji, waliofika mwaka wa 1916, waligusa mila yenyewe. Mwaka wa 1925 walipiga marufuku umuganura, sherehe ya malimbuko, na Gashamura, mkuu wa abiru, akahamishiwa Burundi. Musinga naye alikataa ubatizo, jambo ambalo askofu Léon Classe hakulipenda hata kidogo.

Tarehe 12 novemba 1931 aliondolewa madarakani. Siku nne baadaye gavana Voisin alimtangaza mwanawe Rudahigwa kuwa mwami. Jina la ufalme, Mutara, lilichaguliwa na Classe. Kazi hiyo zamani ilikuwa ya abiru.

Musinga alipelekwa kwanza Kamembe, ngambo tu ya Bukavu, pamoja na mama yake, ambaye alifia huko. Mwaka wa 1940 akavushwa hadi Kongo. Rudahigwa alibatizwa mwaka wa 1943, baba yake akiwa bado hai kule Moba.